Nasaba ya Maksai: Uchaguzi wa Ndama wa Plau kati ya Busia na Malaba

Tangu plau ilipofika katika nchi ya Iteso na ya majirani wao Waluhya wa Busia, mnyama wa kuivuta amekuwa karibu kila mara maksai, yaani fahali aliyehasiwa ili atulie na kufundishika, na jambo hilo moja limeathiri kuliko jingine lolote namna wakulima wa ukanda huo walivyompima ndama kwa kuangalia ukoo wake. Fahali wa mbegu huacha watoto lakini hafungwi nira, na maksai hufungwa nira lakini haachi watoto. Hivyo kipaji cha kazi huonekana kwa mnyama asiyeweza kukirithisha, na yule anayeweza kukirithisha hajaonwa na mtu akifanya kazi. Historia ya uchaguzi wa ndama wa plau upande huu wa mpaka wa Kenya na Uganda ni historia ya watu waliolazimika kuisoma nasaba kwa upande, kupitia kwa mama, dada na ndugu wa mnyama, kwa sababu njia ya moja kwa moja kutoka kwa baba hadi kwa mwana ilikuwa imefungwa kwa kisu cha kuhasia.

Ukanda wenyewe unaanzia karibu na mto Sio, jirani na mji wa Busia, na kupanda kaskazini hadi mto Malaba, ambao mji unaobeba jina lake umekua kando ya reli na barabara kuu ziendazo Tororo na hatimaye Kampala. Hadi 1902 nchi hii yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya jirani ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Iteso wakajikuta na jamaa zao upande wa pili wa mpaka ambao hawakuuchora. Walio Kenya leo wanaishi hasa Teso Kaskazini na Teso Kusini katika Kaunti ya Busia, huku Waluhya wa Abakhayo, Abamarachi na Abasamia wakikalia sehemu kubwa ya kaunti iliyobaki. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, ambaye kitabu chake juu ya Iteso wa Kenya kilitoka 1978, aliwaeleza kuwa watu ambao maisha yao yalikuwa yamebadilika sana chini ya utawala wa kikoloni. Hata hivyo mpaka haukukata kila kitu, kwa maana ndoa ziliendelea kufungwa ng'ambo ya mto, na palipo na ndoa pana mahari, na mahari ilikuwa ng'ombe.

Ng'ombe hao ni zebu mdogo wa Afrika Mashariki, mwenye nundu juu ya mabega, pembe fupi na miguu myembamba yenye kwato ngumu, ambaye dume lake likikomaa huwa na uzito wa kilo 250 hadi 300 au kuzidi kidogo. Hakuwa mnyama wa kufanyiwa kazi. Alitoa maziwa, alitolewa mahari, alilipa faini na kumaliza ugomvi, na thamani yake kubwa ilikuwa katika kuzaa. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika Mashariki karibu na 1890 na kufyeka makundi ya mifugo kuanzia pembe ya bara hadi kusini, iliwafundisha wafugaji wengi kwamba kundi lote lisikae boma moja, na desturi ya kumwachia rafiki au mkwe ng'ombe akae nao ikawa namna ya kugawanya hatari. Ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki hubaki wa mwenyewe pamoja na uzao wake, isipokuwa maziwa na pengine ndama mmoja anayepewa mlezi kama asante. Kwa hiyo ilibidi watu wakumbuke bila maandishi ndama yupi alitoka kwa jike yupi, na jike huyo alitoka mahari ya binti yupi. Madai ya ng'ombe yalipofika mbele ya wazee, ushahidi uliotolewa ulikuwa mlolongo wa akina mama: huyu ni mtoto wa yule mwekundu, aliyezaliwa na yule mwenye baka, aliyekuja na shangazi alipoolewa.

Mlolongo huo ulikwenda kwa akina mama kwa sababu baba hakujulikana kwa uhakika. Katika malisho ya pamoja ng'ombe wa maboma mengi huchanganyika mchana kutwa, mafahali wadogo kwa wakubwa, na jike anaposhika mimba ni nadra mtu kuapa ni fahali yupi aliyempanda. Mchungaji huweza kukisia kwa rangi au kwa umbo la pembe, na makisio hayo wakati mwingine huwa sahihi, lakini hakuna mzee ambaye angekubali kuamua kesi ya mahari kwa kutegemea rangi ya ngozi.

Plau iliikuta kumbukumbu hii ikiwa tayari imejengwa kwa ajili ya mambo mengine. Upande wa Uganda, kilimo cha pamba kilipoanza kusukumwa na serikali na wafanyabiashara katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, jembe la mkono halikutosha kufungua mashamba mapya kabla mvua haijapita, na karibu na 1909 plau za kuvutwa na ng'ombe zilianza kutumiwa wilayani Kumi, katika nchi ya Teso. Kufikia miaka ya 1930 plau zilikuwa zimefika maelfu, na J. C. D. Lawrance, afisa wa serikali aliyeandika juu ya Iteso kitabu kilichotoka 1957, aliihesabu plau miongoni mwa mambo makubwa yaliyobadilisha maisha yao katika nusu karne. Kutoka Kumi hadi Amukura au Angurai, upande wa Kenya, si mbali kwa watu wenye wakwe pande zote mbili, na Kenya nayo ilikuwa na pamba yake, iliyopelekwa kuchambuliwa katika viwanda kama cha Malakisi. Ng'ombe aliyekuwa akiba na mahari akawa pia nguvu ya shamba, na swali ambalo halikuwapo likazaliwa: katika ndama dume waliopo bomani, yupi atafaa nira?

Swali hilo halieleweki vizuri bila kuiona kazi yenyewe. Plau ya kawaida hugeuza udongo kuelekea kulia, kwa hiyo katika jozi ya maksai yule wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa, na wa kushoto hutembea juu ya ardhi ambayo bado haijalimwa. Mmoja yuko chini, mwingine yuko juu, na nira huinama kati yao siku nzima. Wa kulia lazima awe mnyama asiyependa kupanda ukingo wa mfuo, kwa maana akiutoka hatua mbili tu, mstari wote hupinda na mshika plau hubaki akipambana na mikono ya chuma. Ng'ombe hukokota kwa muda mrefu nguvu inayolingana na takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo jozi ya zebu wadogo yenye jumla ya kilo 550 haiwezi kutarajiwa kuvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60 hivi bila kuchoka, kiasi ambacho ni kidogo kwa udongo mzito uliokauka, na ndiyo maana wakulima wengi hufunga jozi mbili. Jozi zikiwa mbili, mtoto hutangulia mbele akiwashika kamba maksai wa kwanza, mwenye mjeledi hutembea kando akiwaita mmoja mmoja kwa jina, na mtu wa tatu hushika plau.

Ubora wote wa maksai, hata hivyo, hupimwa mwisho wa mstari. Hapo plau hulazwa ubavu, na wanyama lazima wageuke mahali padogo bila kukanyaga mnyororo: wa ndani karibu asimame, akikanyagakanyaga alipo, na wa nje azunguke kwa hatua ndefu bila kukimbia, kisha wote wawili wasimame wakingoja plau iinuliwe na kuelekezwa kwenye mstari mpya. Maksai mwenye nguvu za kuvunja nira lakini asiyejua kusimama ni hasara kwa mwenyewe, na mnyama mdogo anayegeuka kwa sauti tu huazimwa na kijiji kizima msimu wa mvua za Machi. Ni kazi ya utiifu kuliko ya misuli. Katika hili inafanana na mashindano ya farasi ya Marekani ambamo mpanda farasi huonyesha jinsi mnyama wake anavyogeuka, kuzunguka na kusimama ghafla kwa mguso mdogo wa hatamu, mashindano yaliyopata chama chake rasmi mwaka 1966, na ambayo wafugaji wake hutumia fedha nyingi kukisia ni mtoto wa farasi yupi atakuwa msikivu kabla hajawekewa tandiko.

Wafugaji hao wa farasi wana karatasi. Familia ya Weatherby ya Uingereza ilitoa daftari la nasaba la farasi wa mbio mwaka 1791, na tangu wakati huo fikra kwamba ubora wa mnyama huandikwa kwa jina la baba yake, kisha baba wa baba, na baba wa mama, imeenea katika ufugaji wa kitaalamu duniani kote. Kenya iliipokea mapema. Daftari la nasaba la Kenya lilianzishwa 1920 kwa ajili ya mifugo ya walowezi. Kituo cha kukusanya mbegu za mafahali kilifunguliwa Kabete 1946. Na kundi la taifa la Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Bara Hindi walioanza kuletwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1930, liliwekwa Naivasha 1962. Katika mfumo huo wote fahali mmoja aliyethibitishwa huzaa mamia au maelfu ya ndama, na kwa kuwa binti zake hukamuliwa na maziwa yao kupimwa, sifa yake hujulikana kwa tarakimu. Kwa ng'ombe wa maziwa mfumo huu umefanya kazi kubwa. Maksai wa Teso hakuwahi kuwamo ndani yake, kwa sababu utulivu wa mwisho wa mstari haupimwi kwa lita.

Kwa hiyo mkulima wa Chakol au Amukura aliyetaka kumkadiria ndama alianza kwa kumtazama mama. Alitazama kama jike huyo husimama akikamuliwa bila kufungwa miguu, kama hurudi bomani mwenyewe jioni, kama huvunja ua na kuingia katika mtama wa watu, na kama huwapiga pembe wenzake kwenye maji. Baada ya mama waliangaliwa kaka wa ndama waliotangulia kuzaliwa na jike huyohuyo, ambao kwa kuwa walikwisha kuhasiwa na kufundishwa walikuwa ushahidi ulio wazi kuliko wote, kisha wajomba wake, yaani maksai waliozaliwa na nyanya yake. Jike aliyetoa maksai wawili au watatu wazuri alipata sifa iliyomfuata binti yake hadi katika boma la wakwe, na inaeleweka kwa nini mwenye jike kama huyo angesita kumtoa mahari wakati ana majike wengine.

Elimu ya leo ya urithi inaruhusu mbinu hii kukadiriwa kwa haki. Ndama hupokea nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Kaka aliyezaliwa na mama huyohuyo kwa baba mwingine hushirikiana naye robo kwa wastani, na mjomba ambaye naye alikuwa na baba tofauti na wa mama hushirikiana naye thumni tu, yaani sehemu moja ya nane. Mjomba mmoja hodari, basi, ni ushahidi hafifu kuliko sifa aliyokuwa akipewa, wakati kaka watatu wa tumbo moja ni ushahidi wa maana. Tabia ya ng'ombe, ikipimwa kwa mfano kwa kasi anayotoka nayo mbio akifunguliwa kutoka zizini, imeonekana na watafiti wa nchi mbalimbali kurithiwa kwa kiwango cha wastani, wala haiamuliwi yote na malezi. Mama naye hutoa zaidi ya nusu yake ya urithi, kwa kuwa maziwa yake hujenga mwili wa ndama katika miezi ya kwanza, na ndama aliyelelewa na jike asiyeogopa watu hukua akiwa amewazoea. Wakulima ambao hawakujua habari za vinasaba walikuwa wameshika upande wa nasaba uliokuwa na ushahidi, wakauacha ule uliokuwa wa kukisia tu, na kwa hali ya malisho yao hapakuwa na uamuzi bora zaidi.

Kasoro yao kubwa ilikuwa mahali pengine, na ilikuwa nzito. Ndama dume aliyeonekana kufaa kwa mwili na kwa ukoo ndiye aliyehasiwa, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, zamani kwa kisu au kwa kuponda mishipa, baadaye kwa koleo la Burdizzo linaloibana mishipa bila kupasua ngozi. Aliyeachwa mzima alikuwa mara nyingi yule aliyedharauliwa kwa udogo, au mkorofi asiyefungika nira, na huyo ndiye aliyebaki malishoni akiwapanda majike wa watu wote. Kizazi baada ya kizazi, kazi nzuri ya kuchagua kwa upande wa mama ilikuwa ikivujishwa kwa upande wa baba. Jambo lililopunguza madhara ni kuchelewa kuhasi: dume wa miaka miwili na nusu huwa amekwisha kupanda majike kadhaa kabla koleo halijamfikia, na hivyo baadhi ya maksai bora waliacha uzao ambao hakuna aliyejua kuwa ni wao. Maafisa wa mifugo waliohimiza madume wahasiwe mapema, wakiwa na nia njema ya kuzuia mafahali duni wasizae, hawakuona kwamba ushauri huo ukitumiwa bila kubakiza kaka mmoja wa ndama aliyechaguliwa unaufunga hata ule mlango mdogo uliokuwa wazi.

Maradhi nayo yalikuwa na neno lake. Mbung'o wa kandokando ya mito, ambao katika nchi hii ni wa aina ya Glossina fuscipes fuscipes, hueneza vimelea vya nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na hospitali ya Alupe, karibu na mji wa Busia, ilijulikana nchini kote kwa kutibu wagonjwa wa malale. Maksai mwenye nagana hawezi kulima hata awe mtoto wa jike gani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mradi wa FITCA, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ulifanya kazi Busia ukijaribu kuunganisha vita dhidi ya mbung'o na kilimo cha kutumia wanyama na ng'ombe wa maziwa. Farasi, ambaye nasaba yake imeandikwa kuliko ya mnyama mwingine yeyote wa kazi, hakupata makao hapa kwa sababu hizohizo za maradhi.

Baada ya hapo ulikuja uchunguzi uliowaangalia ndama wa ukanda huu kwa ukaribu ambao haukuwahi kuonekana. Kati ya 2007 na 2010 watafiti wa mradi wa IDEAL, waliokuwa na maabara yao Busia, waliwaandikisha ndama 548 wa zebu wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, wakawafuata kila mmoja hadi alipotimiza mwaka au alipokufa. Takribani 16 katika kila 100 walikufa kabla ya mwaka, na muuaji mkuu alikuwa ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Damu yao ilipochunguzwa kwa vinasaba ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 80 ya urithi wao ni wa zebu mwenye asili ya Asia, na sehemu iliyobaki ni ya ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu, mchanganyiko uliotulia kwa karne nyingi. Wachache walikutwa na damu ya Ulaya iliyoingia karibuni kwa njia ya mafahali wa maziwa au uhimilishaji, yaani upandishaji wa mbegu kwa mrija, na kadiri damu hiyo ilivyokuwa nyingi ndivyo ndama alivyougua zaidi. Kwa mtafuta maksai taarifa hiyo ina uzito, kwa kuwa ndama chotara mwenye mwili mkubwa, ambaye sokoni humvutia kila mnunuzi, anaweza kuwa na nguvu za kuvuta lakini asiwe na afya ya kufika umri wa kuvuta, na hilo halisomeki kifuani wala mabegani mwake. Husomeka katika habari za mama yake.

Tatizo ni kwamba habari za mama zimekuwa adimu. Kuanzia 1986 na kuendelea, uvamizi wa Wakaramojong na vita vya ndani viliwaacha Iteso wa Uganda karibu bila ng'ombe; koo nzima za majike zilizokuwa zikikumbukwa kwa vizazi zilipotea ndani ya miaka michache, na makundi yaliyojengwa upya baadaye yalitokana kwa sehemu kubwa na wanyama walionunuliwa mbali, wasio na historia. Upande wa Kenya haukupatwa na msiba wa kiasi hicho, lakini soko lilifanya polepole kazi inayokaribiana nayo. Mashamba yalipogawanywa na malisho ya pamoja kupungua, na mahari ilipoanza kulipwa kwa fedha, kaya nyingi ziliacha kuzalisha maksai zikawa zinawanunua. Mnunuzi aliyesimama mbele ya ndama sokoni hana mama wa kumtazama, kwa hiyo hutazama mwili: nundu iliyosimama imara ili nira isiteleze, kifua kipana, kwato zisizopasuka, mkia mrefu, jicho lisilozunguka hovyo. Hushika sikio la mnyama na kuona kama atavuta kichwa kwa hasira au atakiacha. Ni vipimo vizuri kwa kadiri yake, lakini ndama mwenye njaa hutulia, na dalali anajua hivyo.

Baadhi ya wakulima sasa hufunga nira hata majike, jambo ambalo wazee wao wangelikataa. Kwa upande wa nasaba badiliko hili lina faida ambayo haijatajwa sana: jike anayelima na kuzaa ni mnyama wa kwanza katika historia ya plau upande huu wa mpaka ambaye kipaji chake kinaonekana shambani na bado kinaweza kurithiwa. Akichoshwa sana hupunguza maziwa na huchelewa kushika mimba, kwa hiyo si kila kaya itamudu, lakini jike aliyelima msimu mmoja tu amekwisha kutoa ushahidi ambao maksai kumi wa ukoo wake wasingeutoa.

Ofisi za mifugo za Kaunti ya Busia huandika chanjo na vibali vya kusafirisha ng'ombe. Zingeongeza safu mbili katika daftari hizo, moja ya jike aliyemzaa ndama na nyingine ya kaka zake waliowahi kufungwa nira, na zikamshauri kila mwenye ukoo wa maksai wazuri asihasi dume wa mwisho. Kazi hiyo ianze sasa, wakati wapo Amukura na Angurai wazee wanaoweza kumtaja mama wa mama wa ng'ombe bila kusita.